Miguu ya Shangazi

Mimi na wifi yangu tumegombana sana maishani, kwa hiyo mkiniona namsifu msiseme ni mambo ya undugu. Undugu wenyewe ni wa ndoa: nimeolewa na kaka yake. Wanangu ndio walioanza kumwita Shangazi, kwa kuwa ni shangazi yao kweli, kisha bendi nzima ikalidaka jina, hadi mpiga ngoma ambaye ana mvi kumzidi. Promota wa ziara yake ya kwanza alipouliza bangoni aandike jina gani, tulitazamana. Hakuna aliyekuwa na lingine la kumpa.

Likaandikwa SHANGAZI kwa herufi nyekundu, na chini yake picha yake peke yake, ameshika maiki. Siku bango lilipobandikwa ukutani mwa duka la mikate tulikwenda kulitazama, yeye na mfuko wa sabuni mkononi.

"Wifi, mbona nimesimama peke yangu?"

"Ulitaka usimame na nani?"

"Na mtu yeyote. Macho hayajazoea." Akainamisha kichwa upande, akajitazama vizuri. "Lakini nimetoka mrembo. Usione wivu."

Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Ziara ilikuwa ya miji mitano ndani ya wiki nne, na wiki hizo nne zilikuwa likizo yake ya mwaka, aliyoiomba kwa barua na kupewa shingo upande. Kazi yake ni ya kufulia mashuka hospitalini. Yeye na mwenzake husimama mbele ya pasi kubwa ya roli, kila mmoja ameshika pembe zake, wanailisha shuka bichi upande huu na linatokea upande wa pili limenyooka. Mle ndani kuna mvuke na kelele za mashine za kukamua, na ukitaka mwenzako akusikie huna budi kuimba. Watu huniambia wifi yako ana kipaji cha mbinguni. Sikatai. Ila usione vyaelea, vimeundwa, na mapafu yale yameundwa kwa mashuka ya wagonjwa kwa miaka kumi na minne.

Jumamosi na Jumapili alikuwa mwitikiaji. Aliitikia katika bendi ya Mzee Suti, yule mwimbaji wa soul ambaye hajawahi kuonekana jukwaani bila suti nyeupe, hata siku za joto la kufa mtu. Miaka kumi na saba. Mzee akiimba, wifi yangu yuko nyuma yake kushoto, anamjazia.

Hapa nieleze jambo la kazi yetu, maana bila hilo hamtaelewa mkasa uliotupata. Zamani bendi ile ilikuwa na maiki mbili: moja ya Mzee, nyingine ya waitikiaji watatu. Mashine ya maana ya kuchanganyia sauti hawakuwa nayo, basi sauti zilichanganywa kwa miguu. Ukitakiwa usikike, unasogea. Ukitakiwa upungue, unarudi. Na wimbo ulipofika kileleni, pale Mzee anapofumba macho na kuachia pumzi yote, sheria ilikuwa moja tu: waitikiaji hatua mbili nyuma, mikono mgongoni, midomo kimya, mapigo manane. Wakati wa mazoezi Mzee alichora mstari wa chaki sakafuni. Aliyechelewa kurudi alitupiwa jicho, na jicho la Mzee Suti lilikuwa linakaa nawe mpaka Jumatano.

Baadaye maiki zikawa nyingi. Mixa ikanunuliwa, nikaajiriwa kuiendesha mimi, niliyekulia katika karakana ya redio ya baba yangu na kujua kuchomea waya kabla ya kujua kusuka. Hapo hakukuwa na haja tena ya mtu kurudi nyuma, ningempunguza kwa kidole. Lakini waliendelea kurudi, na mimi sikusema kitu. Nilidhani ni madoido ya jukwaani.

Wimbo uliomtoa Shangazi tuliurekodi chumbani kwangu, mablanketi yametundikwa ukutani na mume wangu amefukuzwa nje na watoto. Unaitwa "Sijakawia." Sauti ya kwanza aliimba yeye, sauti ya pili akajiitikia mwenyewe. Redio moja ikaupiga, ya pili ikaupiga, na mwezi wa tatu dereva wa gari la wagonjwa alikuwa anaupigia mluzi bila kujua kwamba mwenye wimbo ndiye huyo anayempokea matenga ya mashuka. Mzee Suti aliposikia alimpa mkono, akamwambia, "Nenda, binti yangu." Alisema kwa moyo safi. Sikuwahi kumwona kuwa mtu mbaya, na simwoni hivyo leo.

Mji wa kwanza tulipewa ukumbi wa chuo, viti mia tatu vya plastiki, Jumamosi saa kumi alasiri. Tulikuwa watu sita: yeye, mpiga ogani, gitaa, besi, ngoma, na mimi kwenye mixa kule nyuma ya viti. Waitikiaji hatukuwa nao. Alisema waitikiaji wazuri huandaliwa miezi, na yeye ana wiki nne, basi ogani itamwitikia.

Akatoka na gauni la bluu. Akawatazama watu kama anayehesabu wageni kabla ya kupakua.

"Mmekaa vizuri?"

"Ndiyo!"

"Basi kaeni vizuri zaidi. Nimekuja kukaa."

Akaimba nyimbo sita mfululizo, na niseme kweli, nilisahau kwamba huyu ndiye aliyeniazima sufuria yangu ya bati akairudisha bila kifuniko. Akina mama wa mstari wa mbele walikuwa wanapigana makofi mapajani. Kisha ukaja wimbo wa saba, "Sijakawia," ule waliokuja kuusikia. Ngoma ikashuka, ogani ikapanda, tukafika kileleni, pale penye maneno *hodi, nimefika, nipisheni niingie.*

Na wifi yangu akarudi hatua mbili nyuma. Mikono mgongoni. Mdomo kimya.

Nilidhani maiki imekufa. Nilirukia waya, nikavuta huku nikisukuma kule, na taa ya maiki inaniambia iko hai. Mapigo manane, ogani inalia peke yake kama mtoto aliyesahauliwa shuleni. Kisha Shangazi akashtuka, akarudi mbele, akamalizia wimbo. Watu walipiga makofi, lakini yalikuwa makofi ya adabu.

Promota alitufuata chumba cha kubadilishia nguo. Ni kijana mwenye simu mbili na maneno matamu, na ziara ile aliiamini, hilo simnyimi.

"Maiki ilizima?"

Ningeweza kudanganya. Nikasema, "Maiki ilikuwa nzima."

"Ni mimi," Shangazi akasema, anavua hereni. "Niliondoka."

"Uliogopa?"

"Niogope nini? Nimesimama mbele ya watu kabla wewe hujaota ndevu. Siogopi, mwanangu. Miguu ndiyo haijapata habari."

Mazoea yana taabu. Kazi ya kileleni alikuwa anaiweza. Chumbani kwangu alikiimba kilele kile mara arobaini akiwa ameketi kitandani. Tatizo lilikuwa kusimama. Akiwa amesimama, ngoma ikishuka na ogani ikipanda, mwili unampisha mtu asiyekuwepo.

Mimi ni fundi, na fundi akiona tatizo hutafuta msumari. Mji wa pili nilibandika tepu nyeupe sakafuni nyuma ya visigino vyake, nikamwambia ukihisi tepu, simama. Wakati wa mazoezi aliikanyaga na kupita bila habari. Nikakasirika, nikachukua kiti cha mbao nikakiweka nyuma yake kabisa, ili akigonge azinduke.

Basi alasiri ile ngoma ikashuka, ogani ikapanda, Shangazi akarudi nyuma, akakigonga kiti, akaketi. Aliketi puu! Na kwa kuwa ni mtu wa heshima zake, alipojikuta ameketi akakunja miguu, akaweka mikono gotini, akamaliza mapigo manane kama mgeni anayesubiri chai. Ukumbi ukalipuka. Walidhani ni kichekesho kilichopangwa. Mpiga ngoma alikosa mapigo mawili kwa kucheka, na mimi machozi yalinitoka hadi nikawa sioni mixa.

Promota hakucheka.

"Watu wanalipia kilele, Shangazi. Hawalipii kiti." Alisimama mlangoni, simu moja mkononi, nyingine inaita mfukoni. "Mji wa tatu ukumbi una viti elfu moja na mia mbili. Nimezungumza na Mzee Suti. Atakuja kuimba kilele cha wimbo wa mwisho. Ikienda vizuri, anamalizia na sisi mji wa nne na wa tano."

"Anakuja kama mgeni?" nikauliza.

Alitunyooshea karatasi ya bango jipya. Herufi nyekundu zilikuwepo, zimepungua. Kando yake suti nyeupe, na jina la Mzee, na jina la Mzee lilikuwa refu kuliko gauni la wifi yangu.

Nilimpa promota maneno ambayo hayafai kuandikwa. Nilimwambia ziara ya mwanamke aliyengoja miaka kumi na saba inageuzwa kuwa ziara ya mtu mwingine kwa sababu ya mapigo manane, na Shangazi akikubali hilo leo, hakuna atakayemwita tena asimame mbele, atarudi kuwa mwitikiaji, safari hii kwenye onyesho lake mwenyewe. Promota akaniambia pole pole, "Dada, mimi nimekodi ukumbi. Nifanyeje?" Mimi nikazidi kupiga kelele.

Shangazi alikuwa anapiga pasi gauni. Hakuinua macho. "Mwache aje."

Tulipofika mji wa tatu, promota aliniita kando. "Ikifika pale, maiki ya Mzee juu, ya Shangazi chini. Hata akibaki mbele, sauti mbili zikigongana pale itakuwa aibu. Usichelewe." Katika chumba cha wageni tulichokuwa tunalala wawili nilimweleza wifi yote, maana siri ya hivyo ningeimezaje?

Alikuwa amelala chali, miguu juu ya ukuta, anaipumzisha.

"Hukasiriki?" nikamuuliza.

"Nimekasirika sana. Tangu juzi nimekasirika. Lakini sikiliza, wifi. Unajua kwa nini narudi nyuma? Kwa sababu namsikia anakuja. Pale ogani inapopanda, namsikia Mzee anavuta pumzi, puani, alivyo na pua yake ile. Miaka kumi na saba ile pumzi ndiyo iliyoniambia ondoka. Mtu wa kichwani utamzuia na kiti?"

"Sasa?"

"Sasa acha aje kwa miguu yake. Akiwa pembeni yangu nitamwona kwamba ni mtu. Mzee wa watu mwenye magoti mabovu. Nitampishaje kwenye wimbo asioujua hata umetungwa jikoni kwa nani?"

"Na mimi nifanye nini na maiki yako?"

"Fanya kazi yako."

"Kazi yangu ipi? Niliyoagizwa au..."

"Ya kusikiliza, wifi! Ukinisikia naimba, utanizima? Kwani wewe kiziwi?" Akacheka, akashusha miguu. "Nipe mto mmoja. Unao miwili."

Akalala usingizi wa mtoto. Mimi ndiye niliyekesha nikigeuka.

Jumapili saa kumi ule ukumbi ulijaa hadi ngazi za pembeni. Mixa yangu ilikuwa katikati ya watu, kwa hiyo nilikuwa nasikia kila kitu, na mwanamke aliyeketi mbele yangu alikuwa amekuja na dada zake watatu na anawaeleza kwamba huyu Shangazi anafua mashuka, ndiyo, mashuka, kama wewe na mimi. Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka pia anyamaze, nisikie spika.

Shangazi akaimba kama kawaida yake, yaani vizuri sana. Akawatania, akawaamrisha, akambembeleza mzee mmoja aliyesinzia mstari wa mbele mpaka akaamka mwenyewe akapiga makofi. Wimbo wa saba ulipoanza, promota akamsindikiza Mzee Suti kutoka pembeni. Ukumbi ukasimama. Ni lazima niseme: anapendwa yule, na anastahili. Akaja polepole katika suti yake nyeupe, akashika maiki ya pili iliyowekwa mbele, bega kwa bega na wifi yangu, akampungia kila mtu.

Ngoma ikashuka. Ogani ikapanda. Vidole vyangu viwili vilikuwa juu ya vidhibiti viwili, cha kulia cha Shangazi, cha kushoto cha Mzee. Nikamsikia Mzee kwenye spika akivuta pumzi, puani kabisa, vile vile wifi alivyosema.

Mguu wa kulia wa Shangazi ukainuka kwenda nyuma.

Nikauona ukining'inia hewani. Kidole changu hakikusogea, wala sitajisifu kwamba niliamua, nilikuwa nimeganda. Kisha yeye akageuza shingo akamtazama Mzee. Mtazamo wa kawaida, kama anavyomtazama mwenzake ng'ambo ya shuka kujua kama ameshika vizuri. Na ule mguu ukashuka mbele.

*Hodi, nimefika, nipisheni niingie.*

Nimeisikia sauti ile kwenye mablanketi, kwenye mvuke, kwenye harusi na misiba. Kwa ukubwa ule sijawahi kuisikia. Nilisukuma kidhibiti chake juu mpaka mwisho, promota na apasuke. Kile cha kushoto sikukishusha hata kidogo, kwa sababu nilitaka kila mtu asikie kilichokuwa kinatokea kule kwa Mzee.

Kule kwa Mzee palikuwa na neno moja tu, "Ho..." Alilianza akaliacha. Ni fundi yule, tena fundi mkubwa, na alijua mara moja kwamba kileleni pamejaa. Na hapo akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akarudi hatua mbili nyuma, kwa yale magoti yake. Hakuna aliyemtupia jicho.

Kilele kinarudiwa mara tatu. Mara ya pili Mzee akafungua mdomo kumwitikia, na hakuwa na cha kuitikia. Akaimba sauti ile ile ya kwanza, chini kidogo, ikagongana na ya Shangazi vibaya mno, kama sufuria mbili kabatini. Akanyamaza. Nikamwona anatazama huku na huku, yule mtu aliyeimba mbele ya maelfu, hajui aweke wapi sauti yake. Maishani mwake hajawahi kuitafuta sauti ya pili. Kila alipofika, ilikuwa imeshawekwa.

Shangazi hakugeuka. Alivuta maiki kando kidogo, na katika ile nafasi fupi ya kuchukua pumzi akamtolea noti yake, "haaa," fupi, akainua kidole juu mara moja, hivi, akarudi kwenye maneno yake. Mzee akaidaka. Mara ya tatu akaimba nyuma yake kushoto, sawasawa, macho wazi, anauangalia mgongo wa gauni la bluu asije akakosea. Wale dada wanne mbele yangu walikuwa wamekumbatiana wanalia, na mimi sikuwa bora kuliko wao.

Ndani ya chumba cha kubadilishia nguo kulikuwa na kiti kimoja kizuri, na Mzee Suti alikuwa amekikalia, koti amelivua, shati limemgandia mgongoni. Promota akaingia na simu zake zote mbili zinaita.

"Mzee, mji wa nne tunafungaje? Nani anachukua..."

"Unaniuliza mimi?" Mzee akanyoosha kidole. "Mwenye onyesho yule pale."

Promota akamgeukia Shangazi. Shangazi alikuwa anapaka mafuta visigino. Akamwambia, "Rudisha lile bango la kwanza," basi, na promota akatoka kupokea simu.

Nikaanza kukunja waya. Mzee akafuta shingo kwa leso. Nikadhani amechoka. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Binti yangu, zile nyimbo zangu. Kule nyuma ulikuwa unaimba nini?"

"Wimbo gani, Mzee?"

"Wowote. Zote."

Shangazi akaweka chini chupa ya mafuta. Akavuta ndoo, akaigeuza, akaketi karibu naye, akaanza na wimbo wa kwanza aliomwitikia Mzee miaka kumi na saba iliyopita, sauti ya pili peke yake. Mzee akafumba macho. Wimbo ulipofika kileleni Shangazi akanyamaza, maana pale hakuwahi kuwa na kitu cha kuimba, na Mzee naye hakuimba. Akangoja mapigo manane yapite, kisha akasema, "Unaofuata."